Jumamosi ya uyoga: tathmini ya kitengo cha dharura cha hospitali moja ya Dodoma

Naandika tathmini hii kuhusu kitengo cha dharura cha hospitali moja ya hapa Dodoma mjini. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zilitokea usiku mmoja tu, mikononi mwa watu wachache waliokuwa wamezidiwa na kazi, na sipendi wahukumiwe kwa usiku huo peke yake. Kilichotupeleka huko ni uyoga. Watu wanne wa nyumba yangu tuliokula chakula cha mchana siku ya Jumamosi moja ya mwezi Januari tulianza kutapika mmoja baada ya mwingine kabla jua halijatua, na mmoja wetu alikuwa mwanangu wa miaka 6. Nasema mapema kwamba nimeridhika na sehemu kubwa ya huduma tuliyopewa, na kwamba kilichoniridhisha hasa si dawa wala vifaa, bali namna daktari na muuguzi wa zamu walivyotuuliza maswali, na jinsi walivyokataa kuturuhusu wakati sisi wenyewe tulishaamini kwamba tumepona.

Sina budi kukieleza kwanza chakula chenyewe, maana bila hicho msomaji hataona thamani ya maswali yale. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na huondoka Aprili, na kwa kawaida mwaka mzima haufikishi milimita 600, hivyo uyoga kwetu ni kitoweo cha wiki chache ambacho watu hukichangamkia kinapotokea. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Kongwa ambaye amechuma uyoga tangu utotoni. Asubuhi ya siku ile alikwenda kwenye kiwanja chetu cha Nala, kwenye kichuguu anachokifahamu, akarudi na nusu ndoo ya uyoga wa kichuguu, ule ambao mchwa wenyewe huulima ndani ya makazi yao kwa kuulisha mabaki ya majani na miti. Aliupika kwa karanga zilizotwangwa na tukaula kwa ugali wa uwele. Jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa shemeji yangu, kijana wa miaka 19, ni kwamba alipoona ndoo haikujaa alitoka nje, akachuma uyoga mwingine mkubwa mweupe uliokuwa umeota kwenye nyasi kando ya ukuta wa nyumba yetu, akauosha na kuukatakata, kisha akautia kwenye sufuria ileile. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, kwamba kitoweo kitutoshe sote.

Tulikula saa saba na nusu mchana. Mtoto alianza kutapika saa tisa na robo, shemeji akafuata baada ya nusu saa hivi, mimi niliyekula kidogo nilianza saa kumi, na mama mkwe alishikwa na tumbo tukiwa tayari njiani. Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na hakula, na naamini kwamba kuwepo kwa mtu mmoja mwenye akili iliyotulia ndiko kulikotuokolea muda.

Kabla ya hospitali tulipita kwanza kwenye duka la dawa la mtaani, na hapo ndipo tulipopoteza takriban dakika 40 ambazo hatukupaswa kuzipoteza. Muuzaji, ambaye alikuwa mpole na mwenye kutaka kusaidia, alitushauri tumnyweshe mtoto maziwa mengi ili yaue sumu, akatuuzia vidonge vya kuzuia kuhara pamoja na antibayotiki. Sikumlaumu wakati ule, kwa kuwa imani ya maziwa nimekua nayo hata mimi, lakini daktari alitueleza baadaye kwamba maziwa hayaiui sumu ya uyoga, kwamba mtoto anayetapika akinyweshwa kwa nguvu anaweza kupaliwa na kinywaji kikaingia kwenye mapafu, na kwamba dawa ya kuzuia kuhara huifungia tumboni sumu ambayo mwili unajitahidi kuitoa. Vilevile si sahihi kumtapisha mtu kwa kidole au kwa maji ya chumvi. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa wauza dawa wote wa Dodoma walisikie kabla mvua za mwakani hazijaanza, ni kwamba mtu aliyekula uyoga wa porini na akaanza kutapika hauziwi dawa, anaelekezwa hospitali.

Wakati sisi tukiwa dukani, mke wangu alikuwa nyumbani akifanya kazi ambayo muuguzi aliisifu mbele ya watu wote. Aliingiza mkono kwenye ndoo ya taka akaokota maganda na vipande vilivyobaki, akachimba kwa kisu uyoga mmoja mzima uliokuwa bado umesimama kwenye nyasi pamoja na kitako chake cha chini, akaviweka vyote kwenye bahasha ya kaki, na mboga iliyobaki akaimimina kwenye kopo lenye kifuniko. Alipiga pia picha ya mahali ulipoota, na picha za uyoga wenyewe kwa juu, kwa chini ya kofia na kwenye mguu. Bahasha ya karatasi ilikuwa chaguo zuri kuliko mfuko wa plastiki, kwani uyoga uliofungwa kwenye plastiki hutoka jasho na kuoza kwa haraka kiasi kwamba hautambuliki tena.

Tulifika hospitali saa kumi na moja kasoro robo kwa gari la jirani. Muuguzi wa mapokezi ya dharura alimwona mtoto akiwa bado mabegani mwangu, akatuingiza ndani bila kutuuliza kadi wala faili, akampima mapigo ya moyo, presha, joto na sukari ndani ya dakika chache, akamfungulia dripu. Sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka, ndiyo maana alikuwa amelegea kuliko sisi, na ilirekebishwa pale pale. Katika hatua hiyo sina lolote la kulalamikia. Kero ilianza kwa sisi watu wazima, ambao tuliambiwa na karani wa dirisha la malipo kwamba hatuwezi kufunguliwa huduma mpaka tuwe na namba ya faili, na mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa amejikunja kwenye benchi akishika tumbo, alisubiri karibu nusu saa kwa sababu hakuwa na bima. Muuguzi yuleyule ndiye aliyetoka nje na kumaliza jambo hilo kwa sentensi moja: "Kaka, hawa ni wagonjwa wa sumu, faili litafuata." Inasikitisha kwamba ilihitajika mtu wa kutoka ndani aseme hivyo.

Sasa nifike kwenye maswali. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, na kabla hajaandika chochote alivuta kiti akaketi karibu na mama mkwe. Alimsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, na muuguzi aliyekuwa pembeni akaongeza salamu ya Kigogo, "Mbukwa bibi," jambo ambalo lilimlegeza mama huyo ambaye tangu nyumbani alikuwa hasemi, kwa sababu alijua kwamba kila mtu anamtazama yeye kama mpishi. Kisha daktari akasema, "Bibi, sijaja kukulaumu. Nieleze tu uyoga wako uliuchuma wapi na uliuchumaje." Mama mkwe akaeleza kwa utulivu: kwamba uyoga wa kichuguu hauvutwi ovyo kwa sababu una mzizi mrefu unaoshuka hadi ndani ya kichuguu, kwamba ukiuvuta mzizi hukatika, kwamba kofia yake ina ncha katikati kama chuchu ambayo uyoga wenyewe hutoboa nayo ardhi, na kwamba yeye hajawahi kuchuma uyoga ulioota kwenye nyasi za nyumbani. Daktari aliyaandika yote hayo. Halafu akatugeukia sisi wengine akauliza, kwa sauti ileile, kama kuna mtu yeyote aliyeongeza kitu kwenye sufuria. Shemeji alinyamaza kwa muda, akainamisha kichwa, akasema. Mpaka leo nashawishika kwamba kama daktari angeanza kwa kufoka, kijana yule asingesema, na mpango mzima wa matibabu ungejengwa juu ya taarifa ya uongo.

Swali lililofuata lilihusu saa, na hapo daktari hakukubali majibu ya jumla. Alitaka kujua kila mmoja alikula saa ngapi, kiasi gani, na alianza kuumwa saa ngapi, akaandika majina yetu manne kwenye safu na nyakati mbele yake. Alitueleza sababu, na namshukuru kwa kutueleza, kwa kuwa hofu hupungua mtu anapojua kinachotafutwa. Uyoga mwingi wenye sumu humwasha mtu tumbo mapema, ndani ya muda wa saa moja hadi tatu, akatapika na kuhara kwa nguvu, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja ilimradi asikaukiwe maji. Uyoga unaoua huchelewa. Mlaji hukaa muda wa saa 6 hadi 24 bila dalili yoyote, kisha huanza kuhara kama mtu wa kipindupindu, halafu siku ya pili hupata nafuu ya uongo inayomfanya arudi kwenye shughuli zake, ilhali ini linaendelea kuharibika kimyakimya mpaka siku ya tatu au ya nne ambapo macho hugeuka manjano na damu hukataa kuganda. Sumu inayofanya hivyo huitwa amatoksini, na hupatikana hasa kwenye baadhi ya uyoga wa jenasi ya Amanita. Huizuia seli kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na ini ndilo linaloumia zaidi. Haiharibiwi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Uyoga maarufu zaidi wa kundi hilo, Amanita phalloides, asili yake ni Ulaya na umesafiri na miti iliyopandwa hadi sehemu nyingine za dunia, na hapa Tanzania umeshahusishwa na mashamba ya misonobari.

Tuliposikia hivyo tulifurahi, kwa sababu sisi sote tulikuwa tumeanza kuumwa kabla ya muda wa saa 6. Daktari alituzuia kufurahi. Alisema kwamba kutapika mapema kungetupa matumaini kama tungekuwa tumekula aina moja tu ya uyoga, lakini tulikula aina mbili angalau, na hakuna anayejua kama kijana aliokota aina moja au tatu kwenye nyasi zile. Uyoga mmoja ungeweza kututapisha alasiri huku mwingine ukiendelea na kazi yake hadi kesho. Kwa maelezo hayo aliagiza tulale wote wanne, hata mimi niliyekuwa najiona mzima. Nimeshawahi kwenda hospitali nyingi katika maisha yangu, na sikumbuki kufafanuliwa uamuzi wa daktari kwa uwazi namna hiyo.

Maswali yake mengine yalikuwa mafupi lakini kila moja lilikuwa na sababu. Alitumulika machoni na kututazama kama tunatoka jasho, mate au machozi kupita kiasi, kwa kuwa kuna uyoga wenye sumu ya muskarini ambayo hufanya hivyo, hupunguza mapigo ya moyo, na dawa yake ni atropini. Dawa hiyohiyo hutumika kwa baadhi ya sumu za kuulia wadudu, na kwa hiyo akauliza pia kama kuna aliyepulizia dawa karibu na nyasi zile; jirani yetu ana mizabibu, lakini hakuwa amepulizia wiki ile. Aliuliza kama kuna aliyekunywa pombe, maana ipo aina ya uyoga ambayo humdhuru anayeila na pombe. Mwisho akauliza kuhusu unga wa nyumbani. Nilishangaa, naye akanikumbusha kwamba mwaka 2016 mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara walipata mlipuko wa sumukuvu kutoka kwenye mahindi, ambapo wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao wakafariki, na kwamba sumukuvu nayo hushambulia ini. Hakutaka kukazia macho uyoga peke yake halafu akosee.

Upande wa dawa, hospitali ilipungukiwa. Daktari aliagiza mkaa wa dawa, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu ili unase sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu, ambao mtu mzima hupewa takriban gramu 50 na mtoto gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Famasi ya hospitali haikuwa nao. Mke wangu alitumwa nje kuutafuta, akazunguka maduka mawili bila mafanikio, akaupata la tatu, na alirudi karibu saa moja baadaye. Mkaa huo hufaa zaidi mtu anapoupata ndani ya saa ya kwanza baada ya kula, na sisi tulikuwa tumeshapitiliza mbali, ila daktari aliona bado una maana kwa watu wazima kwa sababu amatoksini, kama ipo, huzunguka kutoka kwenye ini kurudi kwenye utumbo, hivyo dozi za kurudiarudia huweza kuinasa njiani. Mtoto hakupewa, kwa kuwa alikuwa bado anatapika na amelegea, na mkaa ukiingia kwenye mapafu huleta balaa jingine. (Jirani aliyetuleta alipendekeza kwa moyo mwema tusage mkaa wa jikoni. Huo haunasi sumu kwa kiwango cha kumsaidia mgonjwa, na daktari aliukataa.) Hospitali inayohudumia mkoa wenye wakulima, wafugaji na watoto wanaocheza karibu na madawa ya mashambani haipaswi kukosa mkaa wa dawa rafuni, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote.

Nilipouliza kuhusu dawa ya kuondoa sumu yenyewe, niliambiwa ukweli bila kuzungushwa: kwa amatoksini hakuna dawa moja ya uhakika. Ulaya hutumia dripu ya silibinini inayotokana na mmea, mahali pengi hutumia N-asetilisisteini, ambayo ni dawa ileile wanayopewa waliozidisha parasetamoli, na nguzo ya matibabu hubaki kuwa maji ya kutosha, uangalizi na vipimo vya kurudia. Daktari alihakikisha kwamba N-asetilisisteini ipo kabla usiku haujaingia, akaacha maagizo ya lini ianze kutumika kama vipimo vitabadilika. Kwa zamu iliyokuwa na wagonjwa wa ajali ya pikipiki na mama mwenye presha kwa wakati mmoja, niliona huo ni umakini mkubwa.

Kazi ya kuutambua uyoga ilimwangukia daktari mtarajali, kijana ambaye nadhani hakuwa amewahi kushika uyoga wa porini maishani mwake. Alipewa bahasha yetu, akawapigia simu watu anaowafahamu mpaka akampata mhadhiri wa mimea, akamtumia picha. Mhadhiri alimwambia mambo mawili. La kwanza, uyoga hautambuliwi kwa kofia peke yake. Atazame kitako cha mguu kama kina kifuko, kwa maana kifuko hicho ni dalili ya kuiogopa jenasi ya Amanita, na atazame pete ya kwenye mguu kama inasogea. La pili, akate kofia, ailaze juu ya karatasi nyeupe, aifunike kwa bakuli na aiache mpaka asubuhi ili idondoshe spora zake, yaani vumbi laini ambalo uyoga huzaliana kwalo, kisha atazame rangi. Kijana alifanya hivyo juu ya meza ya chumba cha wauguzi, akaandika kwenye kipande cha plasta "Usiguse, mali ya wagonjwa wa kitanda 4 hadi 7." Asubuhi ya Jumapili aliinua bakuli, na karatasi ilikuwa na duara la vumbi la kijani kilichofifia. Uyoga wenye spora za kijani ni nadra, na ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia katikati ya kofia, unaoota kwenye nyasi za nyumbani baada ya mvua, huitwa Chlorophyllum molybdites. Hutapisha vibaya sana na mara chache huua, ingawa kwa mtoto mdogo upungufu wa maji peke yake unaweza kumaliza uhai wake. Ukiwa mchanga, mistari iliyo chini ya kofia yake ni myeupe kama ya uyoga wa kawaida, na ndiyo sababu watu wengi hudanganyika.

Kufikia saa tatu asubuhi mtoto alikuwa ameketi kitandani anadai chai, shemeji amelala usingizi mzuri, na mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Vipimo vya ini vya jioni vilikuwa salama, spora zilikuwa za kijani, na bili ilikuwa inaongezeka. Niliomba turuhusiwe. Daktari wa zamu ya asubuhi, ambaye alipokezwa karatasi yetu yenye nyakati na akaisoma yote mbele yangu, alikataa. Alisema kwamba vipimo vya ini vya saa za mwanzo humtuliza mgonjwa lakini havimwambii kitu, kwa kuwa vimeng'enya vya ini huanza kupanda baada ya siku nzima au zaidi, na kwamba karatasi ya kijani imetambua uyoga mmoja uliochimbwa, haijatambua vile vilivyokwishaliwa. Tulirudiwa vipimo vya ini, figo na kuganda kwa damu saa nane mchana, tukaruhusiwa jioni kwa masharti ya kurudi Jumatatu kwa kipimo cha mwisho. Nilikasirika siku ile. Leo ningemkasirikia daktari ambaye angeniruhusu.

Zipo kasoro nyingine ambazo sitazirefusha. Choo cha wodi ya uangalizi hakikuwa na maji kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na wagonjwa wanne wanaohara walitegemea ndoo iliyoletwa na mke wangu. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa mwandiko usiosomeka na haikueleza dalili za hatari za kuangalia nyumbani. Muuguzi alizitaja kwa mdomo tu, yaani macho ya manjano, mkojo mweusi, kusinzia kusiko kwa kawaida na kutapika kunakorudi. Ukutani hapakuwa na namba yoyote ya kupiga kuhusu masuala ya sumu, ilhali Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye dhamana ya kuratibu matukio ya sumu nchini, na Wizara ya Afya ina namba 199 inayopigwa bila malipo. Mtarajali yule alitumia simu yake na salio lake. Nimeyaandika haya kwenye fomu ya sanduku la maoni, pamoja na suala la mkaa, na nimemwachia nakala muuguzi mkuu.

Kuhusu gharama, sisi watatu tulitumia bima na hatukulipa zaidi ya mkaa tulioununua nje. Mama mkwe alilipa taslimu kwa kitanda, dripu na vipimo vyote vitatu, na risiti zilitolewa kwa kila kitu, bila malipo ya kichinichini ya aina yoyote. Kama mtu wangu angeumwa tena usiku kwa sababu ya kitu alichokula, ningempeleka hapohapo, bila kupita dukani, nikiwa nimebeba mabaki kwenye karatasi na nimeandika nyakati.

Jumatatu tulirudi wote wanne. Tulisubiri majibu kwa zaidi ya muda wa saa mbili kwenye benchi la nje, na yalipotoka yalikuwa mazuri kwa kila mmoja. Daktari mtarajali, ambaye hakuwa zamu siku hiyo, alikuja kumtafuta mama mkwe akiwa na daftari, akamwamkia na kumwomba, kama hatajali, amwonyeshe siku moja kichuguu cha Nala ili aujue uyoga unaoliwa tofauti na ule aliouona kwenye bahasha. Mama mkwe alimtazama kwa muda, akamwambia kwamba mvua ikinyesha tena siku tatu mfululizo atamwambia mkwe wake, yaani mimi, nimpigie simu, na aje asubuhi na mapema akiwa na jembe, kwa sababu mzizi wake hauonekani mpaka uchimbe.